Kura ya Mikono Saba

Kila Jumanne na Alhamisi, shule ikifungwa, Odile Thibault hakuwa akienda nyumbani moja kwa moja. Alishuka Mtaa wa Kiwanda, akapita mbele ya kituo cha zimamoto cha Bondeni, upande wa chini wa mji alikoishi, kisha akaingia katika jengo la zamani la kiwanda cha nguo. Huko chini, katika chumba kilichowahi kuhifadhi marobota ya pamba, ndiko kilikokuwa kituo cha televisheni cha mji wa Wexham, chaneli ya nane. Odile alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa mwanachama kamili.

Kituo kile hakikuwa na tajiri. Mkazi yeyote aliyetimiza miaka kumi na miwili aliweza kujiunga. Aliyetaka kutengeneza kipindi chake kimoja alipaswa kwanza kufanya kazi katika vipindi viwili vya wenzake. Kwa hiyo padre alimshikia taa mpiga gitaa mwenye nywele za kijani, na mpiga gitaa akamshikia padre kipaza sauti. Bibi yake Odile, ambaye Odile alimwita Mémère kama wajukuu wengi wa Bondeni walivyowaita bibi zao, alikuwa na kipindi cha mapishi kwa Kifaransa kila Jumapili, na ili akipate alikuwa akikunja nyaya baada ya ndondi za vijana, huku akilalamika kuhusu harufu ya soksi zao. Mara moja kwa mwezi wanachama walikutana na kuamua mambo ya kituo. Kila mmoja alikuwa na kura moja, na kura ya Odile ilikuwa sawa na ya padre.

Odile alifaulu mtihani wa kamera Oktoba, akapewa kadi ya kuruhusiwa kushika kamera. Tangu hapo alikuwa katika kundi lililorusha mikutano ya baraza la mji moja kwa moja kutoka ukumbini. Kundi hilo lilikuwa na kanuni mbili, zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa juu ya kabati la kamera. Picha imfuate anayesema. Kura ikipigwa picha iwe pana, mikono yote saba ionekane.

Mwezi wa Februari mwaka 1993, baraza lilikuwa na ajenda moja nzito: kufunga kituo cha zimamoto cha Bondeni. Aliyeileta alikuwa Diwani Pruitt wa upande wa Mlimani. Gari la zimamoto likitoka Bondeni lilifika Mtaa wa Kiwanda kwa dakika mbili. Likitoka Mlimani, na daraja likiwa na barafu, lingechukua dakika kumi na moja. Nyumba za Bondeni zilikuwa za mbao, ghorofa tatu tatu, zimebanana kama meno. Mwaka 1978 nyumba nne ziliteketea kwa dakika arobaini. Mémère alikuwa akiishi ghorofa ya tatu, na magoti yake yalihitaji dakika sita kushuka ngazi.

Katika mkutano wa Januari Diwani Pruitt alisema kwamba Bondeni wasingehitaji wazima moto kama wazazi wangewaficha watoto wao viberiti. Alisema hayo mbele ya kamera ya chaneli ya nane. Mémère, aliyekuwa akila mezani, aliweka uma chini na hakuuinua tena. Odile, ambaye hakuwa zamu usiku huo na alikuwa nyumbani naye, aliuona ule uma. Tangu siku hiyo hakuweza kusikia jina la Pruitt bila shingo yake kupata moto.

Madiwani walikuwa saba. Watatu wa Mlimani walitaka kufunga. Wanne, akiwemo Diwani Lachance wa Bondeni, walisema waziwazi kwamba watakataa. Hesabu ilikuwa rahisi, na watu walikuwa wameanza kutulia.

Jumatatu, siku ya mkutano, theluji ilianza kuanguka saa sita mchana na haikukoma. Kufikia saa kumi na mbili jioni barabara zilikuwa zimefungika. Viti vya wananchi ukumbini vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja alichokalia mfagizi akisubiri koti lake likauke. Watu hawakuwa na wasiwasi. Walikaa nyumbani, wakafungua chaneli ya nane.

Mpiga picha wa kamera ya pili alikwama Mlimani. Odile alibaki na kamera moja. Bi Denise Marchand, mwanachama aliyeongoza matangazo, alikaa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, akitazama skrini na kumwelekeza Odile kupitia vipokea sauti vya masikioni.

Mjadala ulichukua saa nzima. Diwani Lachance alipokuwa akieleza juu ya zile dakika kumi na moja, Odile aligeuza kamera kidogo akamwona Pruitt. Alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kimezama kwenye tai, mdomo umeachama, na juu ya kola kulikuwa na makombo ya biskuti. Odile alibonyeza kitufe cha kuvuta picha. Uso wa Pruitt ukajaa skrini.

"Mrudie Lachance, Odile," sauti ya Bi Denise ikasema masikioni.

Odile hakurudi. Aliwaza juu ya Mémère na uma wake. Watu waone, alijiambia. Waone anayetaka tuungue.

Lachance akamaliza. Mwenyekiti akaita wanaokubali kufunga wanyooshe mikono; wasionyoosha huhesabiwa kuwa wamekataa. Bi Denise akasema, "Pana sasa. Pana, Odile. Kura hiyo." Odile alisikia kila neno. Lakini Pruitt alikuwa bado hajaamka, na Odile alitaka kuona kama atapiga kura usingizini. Diwani wa kando akamgusa kwa kiwiko. Pruitt akafumbua macho, akapepesa, akainua mkono kama mwanafunzi aliyesahau swali. Odile alikuwa akijizuia kucheka. Alipofungua picha ikawa pana, mikono yote ilikuwa imeshuka.

Karani akasoma matokeo. Wanne wamekubali, watatu wamekataa. Kituo cha zimamoto kitafungwa mwisho wa Machi.

Asubuhi iliyofuata Bondeni yote iliamka na swali moja. Madiwani wanne walikuwa wameahidi kukataa. Karatasi ya karani ilisema waliokataa ni watatu. Mmoja alikuwa amegeuka. Yupi? Wote wanne waliulizwa, na wote wanne wakajibu kwamba walikataa, na kwamba macho yao yalikuwa kwenye karatasi zao, si kwa wenzao. Karani alisema kazi yake ni kuhesabu mikono, si kuandika majina. Watatu wa Mlimani walisema wao si wambea. Mfagizi alisema alikuwa akikamua soksi. Bi Denise alikuwa ndani ya chumba kidogo, akiona kile tu ambacho kamera iliona. Odile mwenyewe alikuwa ukumbini, hatua kumi kutoka kwa mikono ile, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kamera, na kamera ilikuwa kwenye makombo ya biskuti.

Simu ya kituo ililia tangu saa mbili asubuhi. Watu hawakupiga ili kucheka. Mwanamke mmoja alimwambia Bi Denise kwamba kama wangetaka vichekesho wangefungua chaneli nyingine. Mzima moto mmoja aliuliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kufokewa, kama kuna kanda yoyote inayoonyesha ukumbi mzima. Haikuwepo.

Jioni Bi Denise alimuuliza Odile kilichotokea. Odile alijibu haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye jiko.

"Kitufe kilikwama. Nilibonyeza, picha haikurudi."

Bi Denise alimtazama, akapumua, akaandika katika daftari la vifaa: kamera ya kwanza, kitufe cha kuvuta picha, kimekwama.

Aliyezitunza kamera alikuwa Mzee Wrobel. Alikuwa amefanya kazi ya fundi wa mashine za kufumia nguo kwa miaka thelathini na moja, hadi kiwanda kilipofungwa, na sasa alikuwa mwanachama ambaye kila Jumamosi alizifungua kamera, akazisafisha na kutia sahihi yake. Jumamosi iliyotangulia mkutano alikuwa ametia sahihi hiyo. Kufikia Jumatano, habari kwamba kamera ya mzee ilikwama ilikuwa imefika kwa kinyozi, kanisani na shuleni.

Manuel Souza, mwanachama mwenzake Odile na mwenzake darasani, alimfuata kwenye kabati za vitabu.

"Eti kitufe kilikwama," alisema.

"Kilikwama."

"Kamera ile nimeitumia Ijumaa. Ilikuwa laini kama siagi."

"Basi ilikwama Jumatatu. Wewe fundi tangu lini?"

"Mimi si fundi. Lakini yule mzee anatukanwa dukani, Odile. Jana mtu amemwambia arudi kurekebisha cherehani."

Odile alifunga kabati kwa kishindo na kumwambia asiingilie yasiyomhusu.

Alhamisi wanachama walikutana. Kwa kawaida walifika ishirini; siku hiyo walifika themanini na sita, wengine wakakaa juu ya meza. Hawakusalimiana sana. Mpiga gitaa alisema kituo kimeuaibisha mtaa. Padre, ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, aliipaza. Mtu mmoja alitoa hoja kwamba Mzee Wrobel anyang'anywe ufunguo wa karakana, kwa sababu umri ni umri na macho ni macho. Wengine waliunga mkono. Odile alikaa kando ya Mémère, akitazama viatu vyake. Moyoni alikuwa akikasirika na kila mtu. Alikasirika na Pruitt kwa kulala, na wanachama kwa kelele zao, na hata na mzee mwenyewe, kwa kuwa mzee.

Mzee Wrobel alisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi kwenye upara, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alisema kwamba kabla ya kupiga kura juu ya ufunguo, wanachama waione kamera. Akaiweka mezani, akaifungua kwa bisibisi nne, akatandaza vipande juu ya taulo jeupe. Aliwaita walio mbele wapitishe kidole ndani. Hakuna aliyeinua kidole chenye vumbi. Akaviunganisha vipande, akawasha mashine, akamwomba Manuel avute picha karibu na kuirudisha, mara arobaini. Manuel alihesabu kwa sauti. Haikukwama hata mara moja.

Kisha mzee akamgeukia Odile. Hakuonekana kutaka kumtega. Aliuliza kama fundi anavyouliza.

"Binti, kilichokwama ni kitufe cha kuvuta au cha kurudisha?"

"Cha kurudisha," alisema Odile.

Mzee alikigusa kile kitufe kwa ncha ya bisibisi. "Ni kimoja. Ukibonyeza mbele kinavuta, ukibonyeza nyuma kinarudisha. Mota ni moja. Na huku mbele kuna pete ya kuzungusha kwa mkono, kwa ajili ya siku ambayo mota ingekufa. Ulifundishwa hiyo pete. Nilikufundisha mimi."

Bi Denise alifungua mdomo, labda amtetee, maana Odile alikuwa mtoto na watu walikuwa wengi. Odile angeweza kusema kwamba alichanganyikiwa, na baadhi ya watu wangemsamehe. Aliuona mkono wa mzee. Ulikuwa umeshika bisibisi kwa nguvu hadi vifundo vikawa vyeupe.

"Hakikukwama," alisema. "Nilimsikia Bi Denise. Sikutaka kurudi." Halafu maneno yakatoka bila kuulizwa. "Alikuwa amelala. Anataka nyumba zetu ziungue na alikuwa amelala. Nilitaka watu wamwone."

Baadhi ya watu walitikisa vichwa kukubali, kwa kuwa nao walimchukia Pruitt. Mzee Wrobel hakutikisa kichwa.

"Na mimi nilitaka waone," alisema. "Nilitaka waone mikono saba. Kulala kwa Pruitt hakujamfungia mtu kituo cha zimamoto. Mkono wa mtu fulani ndio umekifunga, na wewe umemficha. Siku tatu mtu huyo amelala vizuri. Mimi sijalala."

Hoja ya ufunguo iliondolewa. Padre alimwomba mzee radhi mbele ya wote, na baada yake wengine, mmoja mmoja, bila kupenda. Kisha ikaletwa hoja nyingine: Odile Thibault anyang'anywe kadi ya kamera kwa miezi sita, na aseme ukweli kwa kinywa chake kwenye chaneli. Mwenyekiti aliita kura ya mikono. Odile hakuwa na haja ya kuangalia mbali. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa jirani yake wa kulia, wenye saa ya zamani na harufu ya vitunguu. Mémère aliuinua na kuushikilia juu hadi hesabu ilipokwisha.

Njiani Odile alimuuliza kwa nini. Mémère alikuwa akitembea polepole juu ya barafu, akimshika mkono.

"Kwa sababu nina kura moja," alisema. "Na usiniongeleshe mpaka tufike. Nikikasirika nateleza."

Ijumaa saa moja jioni Odile alikaa mbele ya kamera, si nyuma yake. Alisema jina lake, akasema alichofanya, na kwamba Mzee Wrobel hakuwa na kosa lolote. Ilichukua sekunde hamsini. Manuel ndiye aliyeshika kamera, na hakuvuta picha karibu hata pale kidevu cha Odile kilipoanza kutetemeka.

Lakini kusema ukweli hakukurudisha ile kura. Bi Denise ndiye aliyesoma sheria za mji ukurasa kwa ukurasa, akakuta kwamba sahihi mia tatu za wakazi, zikifika kwa karani ndani ya siku thelathini, zinalilazimisha baraza kupiga kura upya, safari hii kwa kuita jina la kila diwani. Wanachama waligawana mitaa. Odile na Manuel walipewa Mtaa wa Kiwanda, wenye nyumba nyingi na ngazi nyingi.

Milango haikuwapokea vizuri. Watu walikuwa wamemwona kwenye chaneli. Mwanamume mmoja alimuuliza kama amekuja kuangalia nani amelala. Bibi mmoja Mreno alimkemea kwa Kireno kwa dakika tano nzima, kisha akatia sahihi, kisha akamkemea tena. Manuel alikataa kutafsiri. Odile hakujitetea. Alishika kalamu na karatasi, akapanda ngazi inayofuata. Walikusanya sahihi mia moja na tisa wao wawili. Kituo kizima kilikusanya mia nne na kumi na mbili.

Mkutano wa marudio ulifanyika wiki ya pili ya Machi. Theluji ilikuwa imeyeyuka, na ukumbi ulijaa hadi kwenye korido. Kamera zilikuwa mbili na wapiga picha wawili. Odile alikaa sakafuni kando ya mlango, akilinda waya usikanyagwe. Kutoka pale aliona kila kitu.

Karani aliita majina. Diwani Pruitt, aliyekuwa macho kabisa siku hiyo, alisema nakubali. Wenzake wawili wa Mlimani wakasema nakubali. Kisha wale wanne wakaitwa, mmoja baada ya mwingine, mbele ya kamera mbili na watu mia mbili na zaidi. Kila mmoja alisema nakataa. Diwani Lachance alisema kwa sauti kubwa, na wa mwisho kwa sauti ndogo, lakini sauti si ushahidi. Watatu wamekubali, wanne wamekataa. Kituo cha zimamoto cha Bondeni kitabaki.

Watu walipiga makofi, wazima moto wakakumbatiana. Odile alisimama apige makofi naye, kisha mikono yake ikabaki hewani. Mmoja wa wale wanne alikuwa amebadilika tangu Februari, na sasa alikuwa akipokea shukrani kama wenzake, akipeana mikono na watu aliowasaliti. Odile aliwatazama wote wanne. Nyuso zao zilifanana. Hasira ilimpanda upya, kali kuliko ile ya kwanza, na safari hii hakuwa na wa kumwelekezea isipokuwa yeye mwenyewe.

Baadaye, wakikusanya vifaa, alimuuliza Mzee Wrobel alidhani ni nani.

"Sidhani," alisema mzee. "Mimi fundi. Kanda ingeniambia."

"Kwa hiyo hatutajua kamwe?"

"Kamwe. Novemba kuna uchaguzi. Tutawapigia wanne hao kura, na mmoja wao ni mwongo, na sisi wenyewe ndio tuliomfunika."

Alifunga kasha la kamera, akakaa juu yake, akamwonyesha Odile naye akae.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kukasirika hukukosea. Mimi pia nilikasirika na Pruitt; hata leo sijaacha. Lakini kamera hii si ya kwangu wala ya kwako. Watu elfu tano hawakuweza kufika hapa kwa sababu ya theluji, wakakuazima macho yao. Ukishika macho ya watu, huchagui unachotaka waone. Unaonyesha kinachotokea, hata kikikuchosha, hata kikikuudhi. Hiyo ni moja. Ya pili, kosa lako la kwanza lilichukua dakika chache. Uongo wako ulichukua siku tatu, na ulikaa mgongoni kwangu. Kosa la kwanza naweza kulielewa. La pili ndilo lililonifanya niinue mkono juu ya kadi yako."

"Nitaipata tena ile kadi," alisema Odile.

"Agosti," alisema Mzee Wrobel. "Mpaka hapo kuna nyaya. Anza na ule mrefu."